Old Man Emu kwenye Prado 95: maoni yangu baada ya kuipiga njia ya Natron

Wakuu, naanza na jibu kabisa kwa wenye haraka. Seti ya Old Man Emu, yani shokapu nne za Nitrocharger na springi zake nne, kwenye Prado 95 inayotoka nje ya lami ikiwa na mzigo ni hela iliyoenda mahali pake, gari inakuwa nyingine kabisa. Ila kama bushi (zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari) na boljointi (yale maungio ya duara ya tairi za mbele) zimekufa na hujazigusa, hata ufunge shokapu za bei gani utakuwa umemwaga hela, na kama gari yako maisha yake ni ofisini, shule ya watoto na sokoni wala usihangaike, funga shokapu za KYB za kawaida uendelee na mambo mengine. Wenye muda tuendelee, maana huko katikati ndo hela za watu zinakopotelea.

Gari yenyewe ni ile ya milango mitano, kizazi cha 90 ambacho Toyota walikitoa 1996 wakaja kukibadilisha 2002, yangu ni ya dizeli, injini ya 1KZ-TE lita 3.0. Mbele kila tairi inajitegemea, springi ya koili imevalishwa juu ya shokapu vikawa kitu kimoja. Nyuma kuna ekseli nzima, springi zimekaa peke yake na shokapu peke yake, na ekseli inashikwa na fito nne za kwenda mbele na nyuma pamoja na ile moja ndefu ya kukatisha, laterali rodi, inayoizuia isihame kushoto au kulia. Nawaambia haya sababu ukishajua gari yako imeshikwaje, fundi hawezi kukupiga chenga.

Mi ni mtu wa wikiendi porini. Ijumaa jioni tunapakia, Jumapili usiku tumerudi Arusha. Kwenye gari kuna bampa la chuma na winchi mbele, keria juu, tairi ya pili ya akiba, maji, dizeli, hema, jiko, na familia. Ilikuwa imefika mahali nyuma imekaa chini kama mbwa aliyechutama, usiku taa zinamulika angani na wenye malori wananipigia taa wakidhani nimewasha fulu, ukipita tuta unasikia chuma kwa chuma, na kwenye vumbi lenye mawimbi nyuma inataka kwenda pembeni yenyewe. Hilo la mwisho ndo lililonitisha, mengine unaweza kuyavumilia.

Sasa watu wengi wakifika hapo wanakimbilia shokapu. Shokapu haibebi gari jamani! Anayebeba gari ni springi, shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya kugonga. Gari ikishakaa chini ni springi imechoka au imezidiwa mzigo, na hakuna shokapu duniani itakayoinua hapo zaidi ya kidogo tu kwa ile gesi yake. Kwahiyo hesabu inaanzia kwenye kilo, na hapa naomba mkae chini kweli na kalamu. Galoni ya lita 20 ya dizeli ni kama kilo 17, ya maji ni 20 kamili, weka mbili mbili. Winchi na waya wake inakaribia 40. Tairi ya 265/70R16 na rimu yake ya chuma ni 30 na kitu. Bado bampa lenyewe, keria, betri ya pili kama unayo, na watu. Ukijumlisha unakuta gari imebeba kilo mia kadhaa juu ya ile Toyota waliyoifikiria wakati wanachagua springi, na inabeba kwenye barabara ambayo hata mzigo nusu ya huo ungetosha kuiumiza.

Uzuri wa Old Man Emu, na kwangu hii ndo sababu kubwa kuliko jina lenyewe, ni kwamba hawauzi springi moja ya Prado wakamaliza. Ni Waaustralia hawa, wako chini ya ARB, na kwao barabara za vumbi zenye mawimbi ni za maelfu ya kilometa, kwahiyo wanajua kwamba Prado tupu na Prado yenye bampa la chuma ni gari mbili tofauti. Kwa gari moja wanakupa springi za daraja tofauti, za gari kama ilivyotoka kiwandani, za mzigo wa kati, na za mzigo mzito wa kudumu, kila moja na namba yake. Muuzaji mzuri atakuuliza umefunga nini mbele, nyuma unabeba nini, na je huo mzigo unakaa siku zote au unashuka Jumatatu? Akikuuzia bila kukuuliza hayo ondoka, hata kama ana bei nzuri.

Lile swali la mzigo wa kudumu ndo lenye uzito. Mimi mbele nilichukua zile za kubeba bampa na winchi, maana vile havishuki, vipo Jumatatu na vipo Jumamosi. Nyuma nikachukua za kati. Jamaa zangu wawili watatu walinishauri nichukue nzito kabisa, "utakaa sawa ukipakia", na ni kweli ukipakia utakaa sawa, lakini siku nne tano za wiki gari iko tupu, na springi nzito kwenye gari tupu inakurusha kila kokoto, tairi ya nyuma inashindwa kukaa chini na mtoto kiti cha nyuma anagonga kichwa kwenye kioo. Nimepanda gari ya mtu aliyefanya hivyo na nilishuka mgongo unauma. Chukua ya mzigo wako wa kawaida halafu ule wa safari ndefu upange vizuri, vizito chini na mbele ya ekseli ya nyuma, keria juu weka hema na magodoro, siyo dizeli.

Sasa shokapu. Hizi Nitrocharger ni za mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, zina mafuta na gesi ya naitrojeni yenye presha ndogo. Gesi ni ya nini? Njia yangu ya kupimia vitu ni ile ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, Ziwa Natron, unapita Selela na Engaruka, ukingo wa Bonde la Ufa uko kushoto kwako na mbele Ol Doinyo Lengai umesimama peke yake. Anayeijua anaijua. Kuna vipande vya mawimbi mfululizo, kuna makorongo ya maji yanayoshuka kutoka ukingoni, unashuka ghafla unapanda ghafla, halafu kuna majivu ya Lengai laini kama unga yanayoficha mawe. Kwenye mawimbi tairi inapanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, shokapu inapampu bila kupumzika, na ule mtikisiko wote inaugeuza kuwa joto. Mafuta yakichemka yanakuwa mepesi, yakichanganyika na hewa yanatoa povu, na pistoni ikianza kupita kwenye povu hakuna kinachoizuia springi tena. Hapo ndo gari inaanza kuelea na nyuma kutafuta pembeni. Ile gesi inayakandamiza mafuta yasitoe povu, au yachelewe sana.

Kuna kipimo kimoja cha bure kabisa ambacho nakifanya kila tukisimama Engaruka kupumzika. Shuka, zunguka gari, sogeza mkono karibu na kila shokapu taratibu (usiikamate kwa pupa, inaunguza). Zote zinatakiwa ziwe na joto, na za ekseli moja zikaribiane. Ukikuta moja ya baridi wakati mwenzake anawaka, hiyo ya baridi imekufa, haifanyi kazi yoyote, na mwenzake anabeba ya wawili. Zile za zamani nilizotoa, ya nyuma kulia ilikuwa ya baridi kama imetoka dukani. Hizi mpya zinachemka zote vizuri, unasikia joto kabla hata ya kugusa, na gari bado imeshika njia vilevile kama ilivyoanza asubuhi. Kwangu hicho ndo kilichonishawishi, maana shokapu yoyote mpya ni tamu kwa nusu saa ya kwanza, swali ni baada ya masaa mawili itakuwaje.

Na punguzeni upepo jamani. Mi nikiacha lami nashusha kutoka PSI 35 mpaka kama 26 hivi, na napunguza mwendo pia. Tairi ndo shokapu ya kwanza ya gari, ukiijaza ikawa ngumu kama jiwe unahamishia kazi yote kwenye mafuta ya shokapu, afu unasema shokapu hazidumu. Ukirudi lami unajaza, kampresa ndogo ya betri inatosha.

Sasa niingie kwenye sehemu ambayo haina jina wala rangi nzuri na ndo maana watu hawaipendi, bushi na boljointi. Prado hizi zote sasa zina zaidi ya miaka ishirini. Raba za miaka ishirini zimekauka na kupasuka, hata kama gari ilitoka Japani ikiwa na kilometa chache. Kabla ya kuagiza shokapu nilimwambia fundi tuinue gari tuitikise kila kona kwa nondo, na tukakuta bushi za mikono ya chini mbele (yale machuma yanayoshika tairi) zimechanika, za stabilaiza, ile fito inayozuia gari isilale kwenye kona, zimeisha, za steringi raki zinacheza, na nyuma bushi ya laterali rodi ina nafasi ya kuingiza kidole. Hiyo ya laterali rodi pekee inatosha kukufanya uone gari inayumba nyuma ukadhani ni shokapu. Nilizibadilisha zote na kuna mabadiliko niliyoyasikia hata kabla springi mpya hazijafungwa, usukani ulirudi katikati ukawa unasikiliza.

Boljointi za chini mbele naomba nizipe aya yake sababu hili ni suala la uhai. Kwenye mpangilio wa Prado hii, uzito wa gari unaivuta boljointi itoke kwenye kikombe chake badala ya kuikandamiza iingie. Maana yake ikilika ikafika mwisho haikugongei tu kelele, inachomoka, tairi inakunjika chini ya madigadi na gari inakaa chini hapohapo. Ikitokea ukiwa unakata kona pole pole una bahati, ikitokea kwenye lami ya Makuyuni uko 90 sijui. Gari ikishainuliwa na kupewa tairi kubwa zinafanya kazi ngumu zaidi. Hapa usichukue ya bei rahisi. Chukua ya Toyota yenyewe au 555 ya Sankei ya Japani, na kwenye 555 kuwa makini sana, jina likishakuwa kubwa feki zake zinajaa sokoni, angalia maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe, siyo boksi tu, na nunua kwa mtu atakayekupa risiti na ambaye kesho utamkuta. Zile bolti zake nne pia weka mpya.

Kwenye raba au poliyurethani nina msimamo. Watu wanasifia zile bushi za rangi za plastiki ngumu kwamba hazifi. Ni kweli zinadumu, kwenye stabilaiza ziko freshi tu. Ila kwenye fito za nyuma zinazoshika ekseli mi naweka raba, sababu gari ikipita korongo kwa mshazari, tairi moja juu nyingine chini, zile bushi zinatakiwa zijipinde na zijinyonge, raba inafanya hivyo kwa hiari, ile ngumu inagoma na nguvu inahamia kwenye chuma na bolti. Pia zikikosa grisi zinapiga kelele kama mlango wa ghala.

Na sasa hili la kukaza. Kuna gereji moja, siitaji, iliwahi kunifungia bushi mpya za mikono ya mbele na baada ya muda mfupi sana zikawa zimechanika, nikaambiwa ni bushi mbovu. Bushi hazikuwa mbovu. Walizikaza bolti mwisho wakati gari iko juu ya jeki na tairi zinaning'inia. Bushi ya raba imegundishwa ndani na nje kwenye chuma, ukiikaza mkono ukiwa umening'inia inakubali kwamba hapo ndo nyumbani, ukishusha gari chini mkono unapanda na raba inanyongwa muda wote hata ukiwa umepaki, kila tuta unaichana kidogo. Inavyotakiwa, bolti unaziweka kwa mkono zishike tu, gari inashuka chini ikae kwa uzito wake kwenye tairi, unaitikisa mara mbili tatu ijipange, halafu ndo unaingia chini kukaza kwa spana ya kipimo. Kwa springi mpya ni lazima hivyohivyo hata kwa bushi za zamani, sababu urefu wa gari umebadilika: legeza zote, shusha, kaza upya. Fundi akikwambia haina haja, simama hapohapo uangalie ukiwa umekunja mikono mpaka afanye.

Kazi yenyewe ya kufunga nilifanyia mtaa wa Unga Limited, Arusha, kwa fundi mwingine, mtu mzima mtaratibu ambaye alinifurahisha toka mwanzo kwa sababu kabla ya kugusa spana alichukua futi akapima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi, kona zote nne, akaandika kwa chaki ukutani. Akaniambia "kaka, tukimaliza tusibishane". Hicho kipimo ni kizuri kuliko kupima kutoka chini, maana upepo wa tairi hauingilii. Nyuma ni rahisi, ukishatoa shokapu na kushusha ekseli springi zinatoka kwa mkono, ila angalia hozi ya breki isibebe uzito wa ekseli. Mbele ndo kazi. Ile springi imebanwa juu ya shokapu, kuitoa lazima uwe na kibano cha springi cha uhakika, na naomba nisisitize cha uhakika, nimeona watu wanafunga na minyororo na waya na kufungua nati ya juu wakiwa wameinama juu yake. Springi hiyo ikifyatuka inaua mtu. Fundi wangu alikuwa na kibano cha kusimama cha haidroliki, kama fundi wako hana basi pelekeni shokapu na springi sehemu yenye nacho zikaunganishwe, ni hela kidogo sana.

Kilichokula muda ni bolti za mikono ya chini, zile zenye kamu za kurekebishia alaimenti. Zilikuwa zimekamata kutu ndani ya bushi na ilibidi grainda ifanye kazi. Kwahiyo ukienda nunua kabisa bolti mpya na kamu zake, usisubiri zikatwe ndo uanze kutafuta dukani saa kumi na moja jioni gari ikiwa juu ya stendi. Raba za juu za springi na mabampstopu (vile vizuizi vya raba) pia weka mapya, ni vitu vidogo lakini ndo vinavyozuia ile chuma kwa chuma.

Gari ilipanda karibu inchi mbili nyuma, mbele pungufu kidogo ya hapo, na kwa Prado yenye mbele ya kujitegemea mi nasema hapo ndo mwisho. Ukipandisha zaidi, draivu shafti za mbele zinakuwa na mshazari mkali, mabuti yake ya raba yanapasuka, jointi zinalika haraka, alaimenti inakosa pa kufika, na utaanza kununua vya kushushia difu ili kutibu ugonjwa ulioununua mwenyewe. Anayetaka gari ndefu sana atafute yenye ekseli nzima mbele.

Baada ya kufunga kuna mambo matatu ambayo yasipofanyika kazi haijaisha. La kwanza alaimenti, siku hiyohiyo au kesho yake, maana tairi zimebadilisha mlalo na zitaliwa upande mmoja mpaka ushangae. La pili taa za mbele, zishushe au zipandishe kulingana na gari ilivyokaa. La tatu wengi hawalijui kabisa: tambaa chini nyuma uangalie kama gari yako ina ile vavu ya breki inayosoma uzito, iko kwenye chesisi na ina fimbo iliyoshuka kuunganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima gari imekaa chini kiasi gani, ikikaa chini inajua kuna mzigo inaruhusu breki nyingi za nyuma, ikikaa juu inajua gari tupu inapunguza. Sasa wewe umeinua gari inchi mbili, vavu inadhani gari ni tupu siku zote, umepakia familia na mzigo unashuka mteremko na breki za nyuma zimepunguzwa, zote zimebaki mbele! Fimbo ina sehemu ya kurekebisha, au unaweka kipande cha kuishusha sehemu ya kufungia kwa kiasi gari ilichopanda. Mwambie fundi, na kama hajui mwoneshe.

Barabarani sasa. Kwenye lami gari inakata kona bila kulala, ukishika breki pua haizami kama zamani, ukipishana na lori upepo haukusukumi sana. Mjini ikiwa tupu, matuta madogo unayasikia zaidi kuliko shokapu laini za kawaida, mke wangu alilisema siku ya kwanza na ni kweli, ni bei ya kubeba mzigo vizuri. Ila pakia, toka nje ya lami, hapo ndo utaelewa. Kwenye mawimbi ile ngoma ya sahani kwenye dashibodi imepungua, usukani hautetemeki, na naweza kurekebisha njia katikati ya mawimbi bila nyuma kunijibu vingine. Kwenye makorongo ndo nimeipenda zaidi, inashuka inazama mara moja inatulia, hairudishi ile ruka ya pili na ya tatu ambayo ilikuwa inamwaga chai ya kila mtu. Watoto wanalala kuanzia Selela. Mama yangu mzazi tulimpeleka maporomoko ya Engare Sero, ana mgongo wake wa siku nyingi, na hakuomba tusimame njiani hata pale kwenye mawe karibu na kijijini.

Kuhusu bei, seti nzima inaenda kwenye mamilioni, siyo malaki, na inapanda kushuka na dola na ushuru, kwahiyo ulizia wakala siku unayotaka kununua. Ongeza juu yake bushi, boljointi, bolti, ufundi na alaimenti, ndo utapata gharama ya kweli. Kama hela haipo kwa mkupuo mi ningeanza na bushi na boljointi, halafu springi, shokapu zikaja pamoja na springi au muda mfupi baadaye, mradi zile za zamani ziwe bado na joto kwenye kile kipimo cha mkono.

Kuna wanaouliza kuhusu njia za mkato. Ile mipira ya kubana katikati ya koili mi siiungi mkono kabisa, inaua kazi ya sehemu ya springi na nguvu yote inaenda kwenye koili zilizobaki, hapo ndo zinakatika. Vile vikombe vya kuweka juu ya shokapu ya mbele vinainua gari kweli, ila springi bado ni ileile iliyochoka, na gari ikitua korongoni kwa nguvu shokapu inaweza kufika mwisho wake ikagonga. Kama shida yako ni muonekano tu sawa, kama unaenda porini rahisi ghali. Upande wa chapa nyingine nzuri, Bilstein ni za mrija mmoja, zinatoa joto haraka na usukani unakuwa makini sana, ila mrija huo ukipigwa na jiwe ukabonyea pistoni inakwama hapohapo, wakati kwenye zile za mirija miwili, mrija wa nje ukibonyea kidogo maisha yanaendelea, na kwa mawe yetu mi naona hilo lina maana. Ironman wana zile za Foam Cell zenye povu maalumu badala ya gesi, zina mafuta mengi, kwa gari nzito inayobeba siku zote ni chaguo la heshima. KYB kwa gari isiyobeba kitu ni sahihi kabisa na usiruhusu mtu akuoneshe kwamba umefunga kitu cha hovyo.

Baada ya kama kilometa 500 za kwanza rudi ukakaze kila kitu, springi mpya zinajikalia kidogo na nati zinapata nafasi. Kwangu mbili za chini za shokapu za nyuma zilikubali spana kidogo, nyingine zilikuwa salama, na vile vipimo vya chaki gari ilikuwa imeshuka milimita chache tu pande zote sawa. Kilichobaki ni hozi ya breki ya nyuma ile ya katikati, ekseli ikining'inia kabisa naiona inakaribia kukaza, haijafika lakini sitaki kuja kujua ilipofikia nikiwa korongoni, kwahiyo nimeagiza ndefu kidogo na mpaka ifike sipitishi gari mahali pa kuning'iniza tairi.